Kadi za Kahawia

Mkuu wa hospitali alipoingia wodi ya dharura ya watoto asubuhi ile, hakuwa na jambo kubwa. Alisimama mlangoni, akatazama huku na huku, akasema vile viti vya plastiki vilivyokaa njiani viondolewe, vipelekwe ukumbini. Daktari kijana wanayemwita Miwani ndiye aliyekuwa karibu naye. Akakaza shingo, akasema kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha mwisho:

"Nimesikia, mkuu. Viti vya plastiki viondolewe njiani, vipelekwe ukumbini. Ni sawa?"

Mama mmoja aliyekuwa akimpepea mwanawe kwa kadi ya kliniki aliacha kupepea.

"Unaniiga?" mkuu akauliza.

"Unauliza kama nakuiga, mkuu. Hapana, sikuigi."

Miwani hakuwa mtovu wa adabu. Ulimi ulikuwa umezoea tu. Kwa wiki nyingi yeye na wenzake walikuwa wakifundishwa kwamba agizo likitolewa kitandani kwa mtoto mahututi, anayelipokea alirudie kwanza ndipo alitekeleze, ili asiwepo mtu wa kubahatisha. Walijifunza hivyo mezani, kwenye mchezo, na jambo la mchezo likiingia ulimini linatoka hata pasipotakiwa.

"Nani amekufundisha upuuzi huu?"

Miwani alitazama viatu vyake. Macho ya Sista, muuguzi wa siku nyingi katika wodi ile, yalikimbilia mlango wa chumba cha chai, yakarudi upesi, lakini mkuu alikwisha kuyaona. Akaenda, akasukuma mlango.

Juu ya meza wanayonywea chai palikuwa na ubao wa plaiwudi uliochorwa vyumba kwa rangi: mlango, mizani, kitanda, kabati la dawa, mtungi wa oksijeni. Pembeni kulikuwa na ngazi ya rangi nne, kijani juu, kisha njano, kisha nyekundu, na chini kabisa nyeusi. Kwenye njano alisimama mtoto wa mbao, kimo chake kama kidole gumba, amechongwa kichwa na mabega tu. Mchezaji akitoa dawa bila kutaja uzito wa mtoto, au akifanya jambo bila kulisema, mtoto anashuka rangi moja. Akifika nyeusi, basi tena. Mchezaji mmoja huwa mama wa mtoto. Anapewa kikaratasi cha mambo anayoyajua yeye peke yake, na haruhusiwi kufungua mdomo mpaka aulizwe. Halafu kuna kadi. Nyeupe zinasema mtoto anaumwa nini. Za kahawia, zilizokatwa kwenye maboksi ya glovu, zinasema kilichokosekana.

Daktari mmoja kijana, msichana mrefu ambaye wenzake hawakujisumbua kumtafutia jina jingine zaidi ya Mrefu, alikuwa ameinua dadu mkononi. Akaificha kiganjani kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Kamari," mkuu akasema.

"Mafunzo, mkuu." Aliyejibu alikuwa daktari wao, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu. Nyumbani na mtaani wanamwita Mama Pacha, na hata wodini jina hilo lilikuwa limelipiku la kazini.

Mkuu alimchukua mtoto wa mbao, akamgeuzageuza. "Na hiki?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa," mkuu akarudia, naye hakujua kwamba ametii sheria ya mchezo. Akakunja ubao, akakusanya kadi zote na dadu, akambana yule mgonjwa kwapani pamoja na vingine, akaondoka navyo. Vile viti alivisahau.

*

Kesho yake Mama Pacha aliitwa ofisini. Alikwenda amejiandaa kukaripiwa. Alikuwa hata amevaa viatu vyake visivyopiga kelele, maana kugongagonga sakafu ya ofisi ile huku umeitwa kwa kosa ni kujiongezea kosa. Akakuta mkuu anatabasamu, na mchezo umepangwa vizuri juu ya meza ya kioo.

"Keti, Daktari. Nimeutazama jana nyumbani. Mke wangu amecheza, amefurahi. Kumbe una akili za hivi na unazificha chumba cha chai?"

Mama Pacha akaketi ukingoni mwa kiti.

"Ijumaa tuna wageni. Wanatafuta ubunifu, mambo mapya ya kufundishia. Wakiupenda huu watauchapa vizuri, karatasi ya kung'aa, na nembo ya hospitali yetu. Utaenda hospitali zote. Na jina lako litakuwemo, chini hapo."

"Asante, mkuu."

"Kitu kimoja tu." Akazivuta kadi za kahawia kwa kidole, kama mtu anayetenga mawe kwenye mchele. "Hizi ziondoe."

Akaanza kuzisoma moja moja. Mtungi wa oksijeni ni mtupu. Barakoa zilizopo ni za watu wazima. Mizani imeharibika. Umeme umekatika, na jenereta halina mafuta. Moja, ya ufunguo wa kabati la dawa, hakuisoma. Aliiweka chini imelala kifudifudi.

"Wewe ungependa mgeni akija kwako umwonyeshe sufuria iliyotoboka?"

"Mkuu, bila hizo mchezo haufundishi kitu. Dawa wanazijua, wamezisoma chuoni. Wanachokuja kujifunza hapa ni kufanya kazi kitu kisipokuwepo."

"Wafundishe mahali pengine hayo. Kwa mdomo." Akafungua droo, akafunga, akafungua tena. "Mkataba wako unaisha mwezi huu, sivyo? Na nyumba ile ya watumishi mnayokaa, wapo wengi wanaoitaka. Mimi siku zote nasema, yule binti ni mchapakazi, asisumbuliwe." Akamsukumia boksi la mchezo. "Ijumaa, Daktari. Nyeupe peke yake."

*

Nyumba ile ilikuwa vyumba viwili na sebule, nyuma ya jengo la kufulia la hospitali, na mvuke wa sabuni uliingia dirishani asubuhi mpaka jioni. Walikaa watano: Mama Pacha, mumewe, mapacha wao wa darasa la pili, na mama wa mume, ambaye kila mtu alimwita Bibi hata waliomzidi umri. Mume alikuwa fundi seremala. Banda lake la kazi lilikuwa limechukuliwa na mwenye kiwanja, na sasa alitengeneza stuli na vitanda vya watoto barazani, mbao zake zimeegemea ukuta wa serikali. Waliokuja kumtafuta walikuwa wakiuliza, "Hapa ndipo kwa mume wa daktari?" Naye huitika.

Walikuwa mezani mchana wa Jumatano wakati msimamizi wa nyumba za watumishi alipobisha hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa, futi ya chuma mkononi.

"Endeleeni kula, wenyewe. Napima tu."

"Unapima nini?" Bibi akauliza.

"Madirisha, mama. Anayekuja anataka kujua urefu wa mapazia."

"Anayekuja wapi?"

"Mimi nimeambiwa pima, napima."

"Basi nipime na mimi, usije ukanisahau kwenye hesabu."

Msimamizi akacheka kidogo, kwa aibu, akavuta futi. Ilikuwa futi mbovu, kila akifika mwisho wa dirisha ule upande mwingine unachomoka. Fundi, ambaye maisha yake yote hajaweza kumtazama mtu akihangaika na futi, aliinuka akamshikia ncha. Wakapima dirisha la sebule, wakapima la chumbani. Walipofika la tatu ndipo Fundi alipotambua anachokifanya. Hakuiachia. Alimalizia, akarudi mezani, akakaa, na chakula hakukigusa tena.

Msimamizi alipoondoka, Mama Pacha aliwaambia yote. Bibi alisikiliza huku akikusanya punje za wali mezani kwa upande wa kiganja.

"Mwanangu," akasema, "kadi ni karatasi. Nyumba ni nyumba."

"Najua, mama."

"Ukijua kwa nini unanieleza kwa uso huo?"

Fundi akaingilia. "Siku moja tu, Mama Pacha. Wageni wakiondoka, unazirudisha zako ndani. Nani atakukagua?"

"Watauchapa, Baba Pacha. Utaenda kila mahali bila hizo kadi. Kila kijana atakayejifunza atajifunza kwamba mtungi huwa umejaa."

"Kwani wewe ndiye uliyeumaliza?"

"Mimi ndiye ninayekuwa kitandani ukiisha."

"Na mapacha walale wapi?" Bibi akauliza. "Kwenye ubao? Mmoja kwenye mizani, mwenzake kabatini?"

Pacha mmoja alicheka, mwenzake akampiga kiwiko. Mama Pacha aliona kwamba swali ni la haki. Mshahara uliolisha watu watano ulikuwa wake. Akainuka, akakusanya sahani, akazipeleka kwenye karo, akafungua bomba. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nitaziondoa," akasema, mgongo amewapa.

Walichokitaka walikuwa wamekipata, na wakakaa pale kama watu waliofiwa.

*

Alhamisi walifanya mazoezi chumba cha chai, kadi nyeupe peke yake. Mtoto wa mbao alianza njano, akapanda kijani. Wakaanza upya, akapanda tena. Degedege, kijani. Kuhara, kijani. Nimonia, kijani, na chai haijapoa.

"Niacheni nifurahi," Mrefu akasema. "Nimekuwa bingwa kabla ya chakula cha mchana."

"Dokta, hapa hata mlinzi wa getini angetibu," Miwani akasema. "Tena angetibu huku anapekua mifuko."

Mama Pacha hakucheka. Alikuwa akitazama jinsi wanavyoegemea viti. Wiki nzima iliyopita walikuwa wakicheza wameinamia ubao, viwiko mezani. Leo Mrefu alikuwa amenyoosha miguu.

Ndipo sauti ya Sista ilipowafikia kutoka wodini. Hakupiga kelele, alisema tu, "Dokta, mlango," na wote wakajua.

Baba mmoja, shati la kazini limejaa saruji, alikuwa amembeba binti yake mdogo mikononi. Mtoto alikuwa akikakamaa na kutetemeka, macho yamepinduka. Mama Pacha alisimama miguuni mwa kitanda, mahali pa kuonea kila kitu, mikono nyuma.

"Nipo kichwani," Mrefu akasema. Akamlaza mtoto ubavu, akamsafisha povu, akainua kidevu. Na kabla hajamaliza akamgeukia mhudumu wa usafi aliyekuwa na ufagio mlangoni: "Ufunguo wa kabati. Ofisini kwa mkuu. Usingoje wakuulize wa nini."

"Ufunguo wa kabati, ofisini kwa mkuu," mhudumu akarudia. Naye alikuwa amewatazama wakicheza siku nyingi. Akauacha ufagio ukaanguka.

"Oksijeni," Mama Pacha akasema.

Sista alifungua mtungi, akatazama mshale. "Umelala chini kabisa."

"Wa pili uko wodi ya wazazi, naufuata," Miwani akasema, na alipomaliza kusema alikuwa keshafika kwenye korido.

Mama Pacha alimgeukia baba. "Baba, amekula lini mara ya mwisho?"

"Hali tangu juzi, dokta. Anatapika tu. Leo nikasema niende kazini nirudi mchana nimlete..."

"Umefanya vizuri kumleta. Alipopimwa kliniki alikuwa na kilo ngapi?"

Baba akataja. Sista alichoma kidole cha mtoto, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo, akasoma. Sukari ilikuwa chini sana. Maji ya sukari ya kuweka kwenye mshipa yalikuwa kabatini, yanaonekana kabisa nyuma ya kioo, chupa zimepangwa kama dukani.

Wakangoja. Kungoja pale si kama kungoja kwingine. Kisha mhudumu akatokea mbio, na nyuma yake karani wa mkuu, ufunguo mkono mmoja na kikombe cha chai mkono wa pili, maana haruhusiwi kuutoa ufunguo ofisini bila kuusindikiza, na mhudumu hakumpa nafasi ya kuweka kikombe chini.

Mrefu alitaja kipimo kwa uzito wa mtoto, Sista akakirudia, akachoma. Miwani akaingia anausukuma mtungi. Karani alisimama palepale, chai inamwagikia kiatu. Taratibu mikono ya mtoto ikalegea. Akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akawaona watu wote wale asiowajua, akalia kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyemnyamazisha.

Baadaye, kwenye sinki, Mrefu alisugua mikono bila kuinua uso. "Dokta, kesho wageni wakiniuliza nilijuaje kuagiza ufunguo kabla dawa haijatajwa, nijibu nini?"

"Utawajibu ukweli."

"Ukweli umeutoa kwenye boksi."

Mama Pacha alikausha mikono kidole kwa kidole. Hakumkaripia.

*

Ijumaa ukumbi ulitandikwa vitambaa vyeupe, chupa za maji zikapangwa, maua ya plastiki yakafutwa vumbi. Wageni walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima mwenye viatu bapa na mkoba mzito, aliyesikiliza hotuba ya mkuu huku akitazama ubao.

Mkuu alisema kuhusu ubunifu wetu, na vijana wetu, na maono yetu. Alipokuwa akisema, Mama Pacha alipanga mchezo. Aliweka kadi nyeupe kushoto. Kisha akatoa mkobani rundo la kahawia, akalichanganya, akaliweka kulia.

Mkuu aliinama kama anayemnong'oneza jambo la itifaki. "Tulikubaliana."

"Nilikubali, mkuu. Leo sikubali."

Aliisema kwa sauti yake ya siku zote, ile ya kuwaambia wazazi kwamba mtoto anahitaji kulazwa. Mkuu alitazama wageni, akatazama rundo, akakunja tabasamu lake na kulikunjua tena.

"Za kahawia ni za nini?" mgeni akauliza.

"Zimeingia kwa bahati mbaya," mkuu akasema.

"Zimeingia kwa makusudi, mama," Mama Pacha akasema. "Tucheze mtaziona."

Dadu ikagawa kazi. Mgeni mkubwa akawa daktari, mwenzake muuguzi, wa tatu mtu wa dawa. Mkuu wa hospitali akawa mama wa mtoto. Mrefu alimkabidhi kikaratasi chake kwa mikono miwili. Mkuu akakisoma, nyusi zikapanda.

Kadi nyeupe ilisema mtoto wa miaka miwili anapumua kwa shida. Mtoto wa mbao akasimamishwa kwenye njano. Wageni wakaanza vizuri tu, watu wazoefu. Wakamwekea oksijeni. Wakaagiza dawa ya kufungua kifua. Mkuu akajisogeza kitini.

"Lakini huyu mtoto..." akaanza.

"Samahani, mkuu," Mrefu akasema. "Mama hasemi mpaka aulizwe."

"Sheria gani hiyo?"

"Ndiyo inayotumika wodini."

Mgeni mmoja akacheka, wa pili akakohoa. Mkuu akafunga mdomo. Dawa haikumsaidia mtoto, akashuka nyekundu. Mgeni mkubwa akaomba dawa nyingine kabatini, akaambiwa avute kadi ya kahawia. Akaivuta, akavaa miwani yake ya kusomea, akasoma kwa sauti:

"Ufunguo wa kabati uko ofisini kwa mkuu, na mkuu yuko mkutanoni."

Mgeni aligeuza kadi akatazama nyuma yake, ambako bado paliandikwa nusu ya jina la glovu.

"Mmeitunga hii?"

"Hapana, mama. Hakuna kadi tuliyoitunga. Zote zimetutokea."

"Hii imewatokea lini mara ya mwisho?"

"Jana," Sista akasema kutoka nyuma. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Zamu ikapotea. Miwani alinyoosha mkono, akamshusha mtoto wa mbao kwenye nyeusi, akamlaza. Alimlaza taratibu, hakumwangusha.

Mkuu alikuwa bado ameshika kikaratasi. "Alikuwa anakula karanga," akasema, na sauti yake haikuwa ya hotuba. "Akapaliwa. Nilikuwa naye. Hakuna aliyeniuliza."

Kwa muda mfupi alikuwa mtu tu, amekaa na karatasi yake. Kisha akajikumbuka, akarekebisha tai. "Hata hivyo, waheshimiwa, ni mchezo tu."

"Ndiyo, mkuu," Mama Pacha akasema. "Ndiyo maana hapa tunaweza kuanza upya."

Mgeni mkubwa alisogeza chupa yake ya maji pembeni, akaweka viwiko mezani. "Tuanze upya," akasema. Akamgeukia mkuu. "Mama, mtoto ameanza lini?"

Walicheza mpaka chai waliyoandaliwa ikaondolewa bila kunywewa.

Wageni walipokwisha kuondoka, mkuu alimngoja Mama Pacha kwenye korido. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Kadi haina jina lako, mkuu."

"Ina cheo changu."

"Basi cheo kiutoe ufunguo ofisini."

Mkuu alikuwa amezoea watu wanaoinamisha kichwa wakimaliza kusema, akangoja ainamishe. Mama Pacha alikuwa na wodi ya kurudi. Akamuaga, akaenda.

*

Mkataba haukusainiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba amefukuzwa. Karani alisema tu, "Bado haujarudi mezani kwangu, dokta," akasema hivyo kila siku mpaka siku zikaisha. Wageni nao hawakuleta neno, au aliyeletewa neno alikaa nalo.

Bibi alimsema Mama Pacha kuanzia Ijumaa ile, akimenya, akifagia, akikunja nguo. Kwamba ana kichwa kigumu, kwamba wenzake huinama mvua ikipita, kwamba sasa watakwenda kubanana kwenye vyumba vya uani kwa watu wasiowajua. Lakini jirani mmoja wa nyumba zile alipopita barazani na kuanza, "Pole, Bibi, mkwe wako angeliona mbali kidogo tu," Bibi aliweka ufagio chini.

"Mkwe wangu ana kosa gani?"

"Sikusema ana kosa..."

"Nami sikukusikia. Kwaheri."

Fundi alipomuuliza, alijibu: "Ndani nitamsema mpaka ulimi uchoke. Nje hakuna wa kumsema."

Siku ya kuhama msimamizi alikuja na futi yake, akawaambia mkokoteni upitie lango la nyuma, kule wanakotolea takataka, kwa kuwa mbele ni saa ya kuona wagonjwa na watu ni wengi.

"Ndiyo saa niliyoichagua," Bibi akasema. "Tulipoingia tuliingilia mbele, na hatujaiba."

Wakapita mbele. Fundi alivuta mkokoteni, Miwani na Mrefu wakasukuma, vitanda vimefungwa juu kwa kamba na sufuria zinagongana. Mapacha walibeba mto mmoja kila mtu ncha yake. Mama Pacha alishika boksi la mchezo. Walipita baraza la wagonjwa wa nje, watu wakawapisha. Wengine walimjua, wakainuka. Yule baba wa saruji hakuwepo. Wazazi wengine na watoto wao walikuwepo wa kutosha.

Sista alitoka mlangoni mwa wodi, akamshika mkono. "Ufunguo upo ukutani, umening'inia kwenye msumari karibu na kabati. Tangu Jumatatu. Hakuna aliyesema neno, tuliukuta tu."

"Usije ukaondolewa."

"Nimeufunga kamba. Atakayeutaka ang'oe na ukuta."

Pale langoni mlinzi aliwasimamisha. Alikuwa kijana mpole, na ilionekana maneno aliyopewa hayampendezi kinywani. "Samahani, dokta. Nimeambiwa nikague. Boksi hilo libaki. Wanasema mchezo ni mali ya hospitali."

"Ubao nimeukata mimi," Fundi akasema, akauweka mkokoteni chini. "Mtoto nimemchonga mimi, kwa mguu wa kiti changu. Mali ya hospitali ni boksi la glovu peke yake."

Watu wakaanza kukusanyika. Mrefu alifungua mdomo, na uso wake ulisema kitakachotoka si cha adabu. Mama Pacha akamwekea mkono begani. Akaenda kwenye benchi la mlinzi, akafungua boksi, akamwonyesha kila kitu, ubao, dadu, mgonjwa, nyeupe, kahawia. Akalifunika, akampa.

"Mpelekee. Mwambie nyeupe na kahawia zinakwenda pamoja. Akizitenga, amebaki na ubao."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Na vijana wakitaka kucheza, wapi wanaruhusiwa?"

Mlinzi alishika boksi kifuani. Lango likafunguliwa.

Walikwenda mpaka walipoiacha hospitali nyuma ya kona. Miwani akasema, "Dokta, umempa hivihivi?"

"Nimempa ubao. Jumamosi mna zamu?"

"Hatuna."

"Basi mje asubuhi na viti, maana kule viti havitatosha."

Fundi alivuta hatua chache, akapunguza mwendo. "Plaiwudi ninayo kipande," akasema. "Nikate upana uleule?"

"Kata mpana zaidi. Vyumba vimeongezeka."

"Kipi tena?"

"Weka lango."

"Na kadi yake ya kahawia," Bibi akasema kutoka nyuma ya mkokoteni, amekumbatia jiko. "Mtoto anazidiwa, mlinzi anakagua boksi. Andikeni. Nimeiona kwa macho yangu."